Maswali ya Wasomaji: Bacula Inakwama kwenye Windows

SWALI: Ofisini tuna seva ya Ubuntu yenye Bacula (programu ya kuchukua nakala rudufu), kompyuta tano za Windows na Mac moja. Seva inajichukulia nakala rudufu zake vizuri, lakini kazi ya Windows inakaa muda mrefu ikisema “waiting for Client to connect to Storage”, kisha inafeli. Nimezima hadi fayawoli ya Windows, wapi! (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Iwashe tena, uruhusu tu poti 9102 iingie. Ujumbe huo kwa kawaida unaonyesha Director (sehemu ya Bacula inayoongoza kazi) ameshaongea na Windows, kwa hiyo nywila zinalingana. Kilichokwama ni hatua inayofuata: Windows yenyewe ndiyo huitafuta Storage (sehemu inayohifadhi nakala) kwenye poti 9103, na anwani ya kwenda huko hupewa na Director.

Fungua /etc/bacula/bacula-dir.conf, sehemu ya Storage, ambayo matoleo mapya huiandika Autochanger. Ukikuta Address = localhost, umempata mchawi: Windows ikiambiwa localhost inajitafuta yenyewe. Seva haikusumbuka kwa kuwa Storage imo humohumo ndani yake. Weka IP ya seva, tuseme 192.168.1.10, kila palipo na Address kwenye sehemu hizo.

Usiishie hapo. Kwenye bacula-sd.conf, faili la mipangilio ya Storage yenyewe, Ubuntu huja na SDAddress = 127.0.0.1, yaani hakuna mashine ya nje inayosikilizwa. Weka IP ileile, kagua kwa bacula-sd -t -c /etc/bacula/bacula-sd.conf (ikinyamaza, maandishi yako sawa), anzisha upya bacula-sd, kisha andika reload ndani ya bconsole, dirisha la amri la Bacula, ili Director asome mipangilio mipya. Kama ufw (fayawoli ya Ubuntu) imewashwa:

sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 9103 proto tcp

Kabla ya kurudia kazi, jaribu kutoka PowerShell ya Windows: Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 9103. Usipoona TcpTestSucceeded : True, hakuna haja ya kuigusa Bacula, njia bado imefungwa.

Kwenye FileSet (orodha ya vitu vya kunakiliwa) ya Windows andika "C:/Users", mkwaju wa kawaida, maana ule wa kinyume Bacula huusoma kama alama maalumu. Mac nayo itaruka folda nyingi za watumiaji hadi uipe bacula-fd (sehemu ya Bacula inayokaa kwenye Mac) ruhusa ya kufikia diski nzima kwenye mipangilio ya faragha.

SWALI: Nikirejesha nakala ya miezi mitatu iliyopita, siwezi kuchagua faili moja moja. Zimepotea? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Zipo. Angalia File Retention (muda wa kutunza orodha ya faili) kwenye sehemu ya Client, yaani kompyuta inayonakiliwa, ndani ya bacula-dir.conf. Mfano unaokuja na Bacula huweka siku 60, baada ya hapo orodha ya majina ya faili hufutwa kwenye hifadhidata. Kazi nzima bado unaweza kuirejesha. Ongeza muda huo, lakini jiandae hifadhidata kunenepa. Orodha iliyokwisha kufutwa hurudishwa kwa bscan, zana ya Bacula inayosoma upya Volume (faili au tepu yenye nakala), mradi ile Volume haijaandikwa upya, na kwenye Volume kubwa hiyo ni kazi ya saa nyingi.