Jibu: Baileys Crossroads, Virginia, ni mji au mtaa?

Ndugu, umeuliza kwa nini binamu yako anasema anaishi Baileys Crossroads ilhali anwani yake inasoma Falls Church, na meya wao ni nani. Meya hawana. Eneo hilo halina halmashauri yake, liko moja kwa moja chini ya kaunti ya Fairfax. Hiyo Falls Church kwenye bahasha ni mambo ya posta tu. Mji wenyewe wa Falls Church uko jirani na una serikali yake.

Baileys Crossroads ni njia panda ya barabara mbili, Leesburg Pike na Columbia Pike. Mwaka 1837 alinunua ardhi hapo Hachaliah Bailey wa Somers, New York, yule aliyezungusha tembo aitwaye Old Bet, watu wakilipa kumwona. (Biashara hiyo!) Novemba 20, 1861, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali McClellan wa jeshi la Kaskazini alikagua gwaride la makumi ya maelfu ya askari huko, Rais Lincoln akiwepo.

Maghorofa unayoyaona huko ni ya Skyline, mradi wa majengo marefu. Machi 2, 1973 moja liliporomoka likiwa bado linajengwa, wafanyakazi 14 wakafa. Nguzo za muda zilitolewa huko juu kabla zege halijashika. Sakafu ikaangukia ya chini yake, nayo ikaangukia nyingine, mpaka ardhini.

Binamu yako akiwa na malalamiko, aende kwa mwakilishi wa Mason District, wilaya ya uchaguzi ya eneo hilo, kwenye bodi ya kaunti. Mashimo ya barabarani lakini ni kazi ya jimbo.