Je, kolesteroli "huingiliana" na lipidi?

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, anayewasomesha vijana wa mtaani biolojia kwa Kiswahili nyakati za jioni, ameniandikia hivi: "Mwalimu, niliandika ubaoni: Kolesteroli huingiliana na lipidi katika utando wa seli. Vijana wakacheka hadi somo likavurugika. Nikafuta, nikaandika huungana. Mmoja akaniuliza, basi hapo kunazaliwa kitu kipya? Nitumie kitenzi gani?"

Mwalimu mwenzangu, waliocheka wana masikio mazuri, na aliyeuliza ana akili nzuri zaidi. Huku kwetu Pwani ukisema wawili wameingiliana, wengi wataelewa mambo ya chumbani kwanza. Kitenzi hicho kina maana nyingine halali, ya kitu kimoja kuingia katika nafasi ya kingine, kama vikao viwili vilivyoingiliana saa. Lakini hata kicheko kikiondoka, mimi bado nakikataa. Kimebebeshwa kila kazi katika maandishi ya sayansi mpaka hakituambii lolote: ukisema hiki kimeingiliana na kile, sijui kama kimekivuta, kimekisukuma au kimekaa kando yake tu.

Kuungana nako kunadanganya. Katika kemia, vilivyoungana vimefanya kitu kipya. Ndani ya utando, kolesteroli na fosfolipidi, yaani lipidi (jamii ya mafuta) zinazojenga utando wenyewe, hukaa bega kwa bega, kila moja ikabaki ilivyo na kuweza kuteleza ikabadilisha majirani. Lakini usikitupe kitenzi hicho. Seli inapotaka kuweka akiba, huiunga kolesteroli na asidi ya mafuta, ikawa esta ya kolesteroli, nayo hutunzwa katika vitone vya mafuta ndani ya seli. Esta hizo ndizo pia zinazojaa ndani ya chembe za LDL, vibebeo vya kolesteroli vinavyosafiri katika damu. Hapo andika huungana bila kusita.

Sasa tutazame utando wenyewe, maana kitenzi hutoka kwenye tendo. Fosfolipidi zimejipanga safu mbili: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, mikia ya mafuta imefichwa katikati. Kolesteroli ina kikundi kidogo cha haidroksili (oksijeni na haidrojeni) kinachopenda maji, halafu pete nne ngumu zilizoshikana bapa, kisha mkia mfupi. Kwa umbo hilo hujipenyeza kati ya fosfolipidi, haidroksili ikabaki usawa wa vichwa na pete zikalala ubavuni mwa mikia. Kujipenyeza ndicho kitenzi chako cha kwanza.

Cha pili ni kubana, kukiwa na joto. Pete haziwezi kupinda, kwa hiyo mikia iliyo jirani nazo hunyimwa nafasi ya kuyumbayumba. Hunyooka na kusogeleana, utando ukaongezeka unene kidogo, na molekuli ndogo zikapata tabu kupenya.

Baridi ikiingia, mambo hugeuka. Mikia iliyonyooka hupenda kuganda, kama tuonavyo mafuta ya nazi yakiganda chupani asubuhi za kusi. Kolesteroli iliyokaa katikati huizuia mikia kugandamana. Kwa hiyo kitu kimoja hubana wakati wa joto na huzuia kuganda wakati wa baridi. Huingiliana ingesema lipi kati ya hayo mawili?

Nakuomba uitazame vizuri hiyo -am- iliyo ndani ya gandamana. Ganda, gandama, gandamana. Shika, shikama, shikamana. Kiambishi hicho huonyesha kitu kilichokwisha kutulia katika hali fulani. Ndiyo maana sipendi kusema haidroksili ya kolesteroli hushikamana na fosfolipidi. Vifungo vya haidrojeni vilivyopo hapo ni hafifu, hushika vikaachia. Shikana inatosha: ni kutendana tupu, hakuahidi kudumu. Lugha iliyokupa tofauti hiyo kwa silabi moja haistahili kuitwa changa kwa sayansi, na huwa naumia nikisikia Waswahili wenyewe wakiiita hivyo.

Kwenye sentensi yako kuna kosa jingine ambalo vijana hawakulisema. Kolesteroli yenyewe ni lipidi. Kuandika "kolesteroli na lipidi" ni kama kusema "changu na samaki". Andika "lipidi nyingine", au itaje fosfolipidi kwa jina. Ngeli haina taabu: kolesteroli hii, molekuli hizi za kolesteroli, utando huu, tando hizi.

Ubaoni ningeandika: Kolesteroli hujipenyeza kati ya fosfolipidi za utando, kukiwa na joto huibana mikia yao isiyumbe, kukiwa na baridi huizuia isigandamane.

Ongeza pia utando upi. Katika utando wa nje wa seli za wanyama kolesteroli ni nyingi. Kwenye seli nyekundu za damu hukaribia molekuli moja kwa kila fosfolipidi moja. Katika tando za mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ni haba sana. Kuvu hutumia ergosteroli badala yake, na mimea ina steroli zake, zote jamaa za kolesteroli. Ukiacha "utando wa seli" hivyo hivyo, kijana yule aliyekuuliza swali atakuuliza tena, seli ya nani?