Barua kwa mwanangu: daftari lisilo na makosa

Marangu, Moshi

Mwanangu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mama yako naye anakusalimu, na zile ndizi ulizoagiza atazipakia kwenye basi la Ijumaa asubuhi, kwa hiyo tuma mtu stendi mapema.

Umeniuliza hivi: siku ukiingia banda la kufungashia maua unalolisimamia umenuna, daftari ambalo wafanyakazi wanajiandikia makosa linabaki karibu tupu, na siku ukiwa na furaha zako linajaa. “Sasa baba, si bora niwe nanuna tu?” Nilicheka peke yangu mpaka mama yako akauliza kuna nini. Halafu nikaikumbuka safari moja ya Kibo, enzi zangu za kuongoza wageni na wapagazi mlima Kilimanjaro, kicheko kikaisha.

Ulikuwa kidato cha pili. Ada yako ilikuwa haijalipwa, na kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilikuwa inanizungusha malipo ya safari mbili. Nikafika geti la Marangu nimekunja ndita. Unajua pale mizigo inapimwa, mpagazi habebi zaidi ya kilo 20. Kijana mmoja mzigo wake ukazidi nusu kilo. Jambo la kutoa viazi vinne ukampa mwenzake, yakaisha. Mimi nilimfokea mbele ya watu, wageni wakasimama kutazama.

Basi tukapanda, kibanda cha Mandara, kisha cha Horombo. Siku zote jioni wapagazi walikuwa wakinifuata jikoni, tunakaa na chai ya tangawizi, huyu ananiambia goti linamsumbua, yule hajapata usingizi. Safari ile nikiingia jikoni mazungumzo yanakatika. Unasikia sufuria tu. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikajisifu moyoni kwamba safari hii vijana wana nidhamu.

Tulipofika kibanda cha Kibo, mita 4,720 hivi, saa nne usiku nikawa najiandaa kuwaamsha wageni ili saa sita tuanze kuelekea kileleni. Mpishi akanivuta pembeni. “Yule kijana wa viazi ametoka kukojoa anatembea kama mlevi, na anaongea vitu havieleweki.” Nikamsimamisha nikamwambia atembee mstari mmoja, kisigino kikiguswa na kidole cha mguu wa nyuma. Hatua tatu hakufika. Kwa urefu ule, hiyo ni ishara ya ubongo kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, saa hiyo hiyo, si kungoja kupambazuke. Tukamfunga kwenye machela ya gurudumu moja, wanne wakamshusha gizani mpaka Horombo, karibu mita 1,000 chini. Kulipokucha alikuwa anaulizia uji.

Alipona. Sasa ana bucha pale Himo na tukikutana ananichagulia nyama nzuri. Lakini sikusahau alichonijibu nilipomuuliza kwa nini hakusema: “Ningekuambia saa ngapi, mzee? Ulikuwa na hasira tangu getini. Nikajua utanirudisha na tipu nitakosa.” Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Horombo, siku mbili nzima. Mpishi alijua, na wapagazi wote walijua. Msafara mzima ulikuwa unajua isipokuwa aliyeuongoza.

Lile ndilo lilikuwa daftari langu tupu, mama.

Zile karatasi za semina ulizonitumia nimezisoma, miwani ikiniteleza puani. Yule mama mtafiti, Amy Edmondson, alikutana na kitu hicho hicho hospitalini: alipochunguza makosa ya kutoa dawa, timu zilizoonekana bora ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Akaona kwamba pengine hazikosei zaidi, ila watu wake hawaogopi kusema. Hebu na wewe chukua daftari lako uliweke kando ya malalamiko ya wanunuzi wa Uholanzi, tarehe kwa tarehe. Nadhani shina lililovunjika ambalo halikuandikwa Jumanne ulipokuwa umenuna, utalikuta huko.

Ila ile ya hema ndiyo iliyonikosha, maana hema nalijua. Njia ya Machame hakuna vibanda kama huku kwetu, kila jioni ni kusimamisha. Mtafiti Thomas Sy na wenzake wawili, mwaka 2005, walieleza jaribio la vikundi vilivyosimamisha hema watu wakiwa wamefungwa macho. Kiongozi alionyeshwa kwanza video ya kumfurahisha au ya kumuudhi. Waliokuwa na kiongozi aliyefurahi walielewana zaidi. Waliokuwa na kiongozi aliyeudhika walitumia nguvu zaidi. Hapo ndipo mabosi wengi wanapodanganyika: wanaona jasho, wanadhani ni kazi. Nimewaona vijana wanavyosimamisha hema mkubwa wao akiwa amekasirika. Kila mmoja anavuta kamba ya upande wake kwa nguvu zote ili asije akaambiwa mvivu, na hema linazidi kupinda.

Sikwambii uende kazini unachekacheka. Watu wanaokuona kila siku wanajua kicheko cha kubandika, kitawatia hofu zaidi. Mimi baada ya safari ile nilianza kusema pale pale getini: “Vijana, leo nimekuja na mambo ya nyumbani, si yenu. Mtu akiumwa kichwa aniamshe hata saa nane usiku.” Ukinuna bila kusema, kila mtu anajihesabia kosa lake mwenyewe. Na asubuhi, kabla sijagusa chai, nilimpitia mmoja mmoja: umelala? umekula? Niliuliza hivyo kwa sababu ukiuliza “mzima?” utajibiwa mzima hata na mahututi.

Tena nikaweka sharti kwamba anayeshushwa kwa ugonjwa, fungu lake la tipu liko pale pale. Hili lilisaidia kuliko maneno yangu yote. Angalia kwenu: anayejiandikia kosa anakatwa posho? Kama anakatwa, hata ucheke kutwa nzima hawataandika. Nenda kwa wakubwa wako ukaligombanie hilo kwanza.

Halafu kuna kitu umekipita haraka kwenye barua yako. Umeniambia siku unazonuna, hukuniambia kinachokununisha. Umesema unatoka pale saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri umeshaamka, tena umelitaja kama jambo dogo. Njoo Jumapili ulale hapa. Mama yako atapika mtori, na simu utaiacha kwangu.

Baba yako