Mwembe Uliopigwa na Radi: Usiukate Kabla Haujajisemea

Wiki iliyopita nilichuma maembe kumi na saba kutoka kwenye mwembe ambao shemeji yangu na fundi wake wa msumeno walikwisha kuugawana kwa mdomo, shina liwe mbao na matawi yawe mkaa. Kumi na saba si mavuno ya kujivunia, lakini niliyahesabu mara mbili.

Radi iliupiga usiku mmoja wa Aprili, mwaka juzi, hapa kwetu Igombe, Mwanza, ambako mawingu hukusanyika juu ya Ziwa Victoria usiku na kutushukia kabla hakujapambazuka. Asubuhi nilikuta gome limechanika kutoka kwenye panda hadi ardhini, upana wa kiganja, na vipande vyake vingine vimetua juu ya bati. Umeme wa radi huyageuza maji yaliyomo mtini kuwa mvuke kwa ghafla, na mvuke huo ndio unaolirusha gome. Majirani walinong'ona kuhusu mkono wa mtu, sikuwajibu.

Nakiri kwamba makosa ya wiki ile ya kwanza yalikuwa yangu. Niliomba oili chafu kwa fundi pikipiki, nikapaka sehemu ya chini ya kidonda hadi usawa wa goti, kisha nikarundika samadi mbichi shinani, nikidhani mgonjwa hulishwa kwa nguvu. Bwana shamba alipofika aliniamuru niiondoe samadi yote, kwa kuwa mti uliojeruhiwa haupaswi kusukumwa utoe majani mengi wakati huenda hata mizizi yake imeungua. Aliangalia kama kidonda kimelizunguka shina lote, maana hapo mti usingepona. Aliangalia pia kama umeinama au udongo umeinuka. Halafu akakwaruza gome la upande wa pili kwa ukucha, na chini yake palikuwa pabichi, rangi ya kijani.

Tulikata matawi yaliyovunjika na kuning'inia tu, kwa kuwa hayo yangeweza kumwangukia mtu, na gome lililolegea tukalipunguza kwa kisu hadi pale liliposhikamana na mti. Mengine yote yalikuwa maji na subira. Kuanzia Juni hadi Septemba nilimwaga ndoo nane kila Jumamosi, polepole, chini ya ukingo wa matawi ambako mizizi hunywa, na nikatandaza majani makavu bila kuyagusisha shina, kwa sababu mchwa hawahitaji kualikwa.

Msimu wa kwanza haukutoa hata embe moja, na shemeji alirudi na kamba. Ndugu zangu, kwa nini tuna haraka hivi? Mti uliotumia miaka thelathini kukua tunautolea hukumu kwa wiki mbili, ilhali madhara ya radi huweza kujificha kwa miezi kadhaa, na uhai nao hujificha vilevile. Upeni maji, upeni mwaka mzima, kisha upeni maji tena.

Leo gome jipya limejikunja kama mdomo kwenye kingo zote za kidonda, isipokuwa pale nilipopaka oili, ambapo mbao ingali nyeusi na kavu. Kabla ya masika nitaligonga shina kwa nyundo ya mti. Likitoa mlio wa kitu chenye uwazi, dalili ya kuoza ndani, nitapunguza matawi yanayoelekea nyumbani.