Kadi mbili za michoro na skrini nyeusi: soma logi kabla hujagusa kitu

Umechomeka kadi ya pili ya michoro kwenye kompyuta ya Linux, umewasha, na skrini imebaki nyeusi. Kabla hujakata tamaa, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) iko hai, kilichokosekana ni picha tu. Na kama ulikuwa umeshawezesha SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao), ingia kutoka kompyuta nyingine.

Mimi sikufanya hivyo. Kompyuta yangu ya Linux ilikuwa inatumia michoro ya ndani ya prosesa, nikaongeza kadi juu yake, nayo ikawa ya pili. Ilipogoma nilifuta draiva (programu inayoendesha kadi), nikaweka nyingine, nikabadilisha na toleo la kerneli, yote usiku mmoja. Kulipokucha sikuweza tena kutofautisha kasoro ya mwanzo na zile nilizozileta mwenyewe. Tangu siku hiyo namsihi kila anayeniuliza: soma logi (kumbukumbu ya matukio ya mfumo) kwanza, halafu badilisha kitu kimoja, uwashe upya, uangalie.

Kuingia si kazi. Kwenye menyu ya GRUB, programu inayoianzisha Linux, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, andika `nomodeset` mwishoni mwake, kisha F10. Draiva za michoro zitakaa pembeni na utapata picha duni, lakini utaona unachofanya. Huo ni mlango wa kuingilia tu, wala si tiba. Nimekuta watu wameuacha miezi kadhaa, kadi nzuri imekaa bure.

Ukishaingia, andika `journalctl -k -b -1`. Hiyo ni logi ya kerneli ya mara iliyotangulia, yaani ile iliyokwama, mradi mfumo wako unahifadhi logi kwenye diski. Yangu ilikuwa na mstari huu:

`BAR 0: no space for [mem size 0x10000000 64bit pref]`

Mstari huo ulikuwa na jibu lote. Kila kadi huomba kipande cha anwani za kumbukumbu ambacho prosesa itakitumia kuifikia. `0x10000000` ni megabaiti 256. BIOS yangu (programu ya ubaomama inayoandaa vifaa kompyuta inapowaka) ilikuwa inavibana vifaa vyote chini ya gigabaiti 4, eneo ambalo RAM nayo imeshachukua sehemu kubwa, kwa hiyo kadi ya pili ilifika ikakuta hakuna nafasi. Draiva haikuwa na kosa lolote. Niliingia BIOS, nikawasha "Above 4G Decoding", inayoruhusu vifaa vitumie anwani zilizo juu ya gigabaiti 4 (ubaomama wangu ulitaka kwanza nizime CSM, hali ya kuiga BIOS ya zamani), na picha ikaja. Kama BIOS yako haina chaguo hilo, jaribu `pci=realloc` pale pale ulipoandika `nomodeset`. Inaiomba kerneli igawe anwani upya, na mara nyingine inatosha.

Logi ikiwa haina malalamiko ya nafasi, angalia draiva. `lspci -nnk` itakuonyesha kila kadi na draiva iliyoishika, kwenye mstari wa "Kernel driver in use". Chini yake "Kernel modules" inataja zote zinazoweza kuidai. Ukikuta mbili hapo, kwa mfano nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA, pamoja na draiva ya mtengenezaji, kumbuka mafahali wawili hawakai zizi moja: inayopakiwa kwanza ndiyo inayoshika. Izuie usiyoitaka kwa kuandika `blacklist nouveau` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokwama, jenga upya initramfs, kifurushi cha faili ambacho kerneli hutumia mwanzoni mwa kuwaka: `update-initramfs -u` kwa Debian na Ubuntu, `dracut -f` kwa Fedora. Usipofanya hivyo, draiva uliyoizuia inaweza kupakiwa mapema kutoka initramfs ya zamani, nawe ukadhani blacklist haifanyi kazi.

Kuhusu anwani za VGA (kiwango cha zamani cha picha) zenyewe, urithi wa mwaka 1987 ambao kila kadi inautaka, usihangaike sana. Tangu toleo 2.6.32 kerneli ina msuluhishi wake, vgaarb. Tafuta tu jina hilo kwenye logi uone ni kadi ipi imechaguliwa kuwa ya kuwashia. Ikiwa siyo iliyounganishwa na skrini, hamisha kebo au badilisha chaguo la kadi ya kwanza kwenye BIOS.

Kuna na ile hali ya leo inawaka vizuri, kesho nyeusi, bila wewe kugusa chochote. Hapo shuku majina. `card0` na `card1` hutolewa kwa kufuata draiva iliyowahi, na mpangilio unaweza kugeuka ukiwasha upya. Kama kwenye mipangilio yako umeandika `/dev/dri/card0`, ondoa. Tumia njia iliyo ndani ya `/dev/dri/by-path/`, ambayo hufuata tundu la kadi lilipo.