Wakikwambia Soko Limepanda, Uliza Fahirisi Ipi

Hisa zangu za kwanza nilizinunua Januari 2007 kwa mkopo wa sacco wa shilingi 40,000, na sababu ilikuwa nambari moja niliyoisikia kwenye taarifa ya habari ya jioni. Fahirisi ya NSE 20, yaani kipimo cha mwenendo wa bei za hisa za kampuni ishirini za Soko la Hisa la Nairobi (NSE), ilikuwa imepita 6,100. Mtangazaji aliitaja kwa furaha, nami nikafurahi. Sikujua 6,100 ni kitu gani. Nilichojua ni kwamba mwaka uliotangulia majirani zetu pale mtaa wa Umoja walipata hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, kwa shilingi 11.90, zikaanza kuuzwa sokoni kwa zaidi ya mara tatu ya bei hiyo, na mimi sikuwamo.

Baadaye zikaja ghasia za uchaguzi, kisha msukosuko wa fedha duniani. Machi 2009 fahirisi ileile ilikuwa chini ya 3,000. Nikauza kila kitu nikapata kama shilingi 16,000, na mkopo nikaendelea kuulipa. Kufikia mwisho wa 2010 fahirisi ilikuwa imerudi juu ya 4,000, bila mimi. Niliingia kwa kusikia nambari, nikatoka kwa kusikia nambari. Ndiyo maana naandika haya, kwa sababu naona vijana wengi wakinunua hisa kwenye simu kwa namna ileile.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa mtaa wa Jericho, Nairobi, karani mstaafu, ambaye amekuwa na hisa tangu enzi za vyeti vya karatasi. Nilipomweleza hasara yangu akaniambia, "Mwanangu, wewe ulinunua nambari. Mimi nanunua kampuni." Kisha akachukua gazeti, akageuza pembeni palipo wazi, akaanza kuandika.

Alianzia mbali. Soko letu lilisajiliwa 1954 kama chama cha madalali wa hisa, na biashara ilikuwa ikifanywa kwa mazungumzo juu ya kikombe cha kahawa katika hoteli ya Stanley. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa mpaka baada ya uhuru. Kwa hiyo mwaka wa msingi wa fahirisi, 1966, ulipopewa thamani ya 100, watu kama baba yake walikuwa ndio kwanza wanaruhusiwa kuingia. Jambo hilo alilisema taratibu, nami sijalisahau.

Tukifuata msingi huo, 6,100 maana yake ni kwamba wastani wa bei za kampuni zilizomo ulikuwa umekua mara 61 tangu 1966. Hiyo peke yake haikwambii kama bei ya leo ni ghali au rahisi. Faida ya kampuni haimo. Madeni yake hayamo.

Hapa kwenye wastani ndipo penye utamu, na ndipo wengi wetu tunapopotea. NSE 20 haijumlishi bei na kugawanya kwa 20 kama tulivyofundishwa shuleni. Bei huzidishwa zote pamoja, kisha hutafutwa kipeuo cha ishirini, yaani nambari ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara ishirini hutoa jibu hilo. Mzee alinionyesha kwa hisa mbili tu. Moja ni ya shilingi 10, ikapanda ikawa 20. Nyingine ni ya 300, ikashuka ikawa 150. Kwa wastani wa kawaida ungesema soko limeporomoka karibu nusu, kutoka 155 hadi 85. Kwa hesabu ya kuzidisha, 10 mara 300 ni 3,000, na 20 mara 150 ni 3,000. Fahirisi haijasogea. Kinachohesabika ni mara ngapi bei imebadilika. Ukubwa wa bei yenyewe hauna kauli.

Sasa tazama matokeo yake. Hisa moja kati ya ishirini ikipanda mara mbili na nyingine zote zikitulia, fahirisi hupanda asilimia 3.5 hivi. Lakini kampuni moja ikianguka mpaka ikabaki na sehemu moja ya kumi ya bei yake, peke yake huivuta fahirisi chini kwa karibu asilimia 11, hata kama ni kampuni ndogo na benki zote kubwa ziko imara. Mwaka 2009 ningejua hilo, ningeuliza ni kampuni zipi zinazoanguka kabla ya kukimbilia kwa broka.

Mwaka 2008 ikaja fahirisi nyingine, NASI (NSE All Share Index, fahirisi ya hisa zote), nayo ikapewa msingi wa 100. Hii huchukua kampuni zote zilizoorodheshwa na kuzipima kwa thamani yake sokoni. Mwaka huohuo Safaricom iliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, nayo ina hisa zaidi ya bilioni 40. Kuna nyakati imekuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Chukua mfano: kampuni moja ina shilingi 60 katika kila 100 za soko. Ipande asilimia 10, na nyingine zote zishuke asilimia 10. NASI itaonyesha soko limepanda asilimia 2, na huku kila mwenye hisa za kampuni nyingine analia. Kwenye NSE 20, siku kama hiyo ni ya kushuka.

Kwa hiyo katika chama chetu cha uwekezaji, mtu akisimama kusema soko limepanda tuongeze hela, mweka hazina wetu huuliza swali moja: kwa fahirisi ipi? Kama ni NASI, tunaangalia kwanza Safaricom imefanya nini siku hiyo. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, nalo halimo katika fahirisi hizi. Hili liliniumiza zaidi nilipolielewa. Tuseme ulinunua hisa kwa 20, ikakulipa 1.50 kila mwaka kwa miaka kumi. Ukitoa kodi ya asilimia 5, umepokea 14.25. Hisa ikiwa imeshuka hadi 18, fahirisi ya bei itasema umepoteza, na wewe una 32.25. NSE 20 ilikuwa chini ya 2,000 mwaka 2020, na mzee wa Jericho alikuwa bado analipia karo ya wajukuu kwa gawio la benki yake.

Ushauri wangu basi ni daftari. Siku unayonunua, andika bei yako, andika NSE 20 na NASI za siku hiyo, na kila gawio likiingia liandike. Na kampuni yako ikiondolewa kwenye zile ishirini, andika hilo pia kwa wino mwekundu, maana fahirisi itaendelea na kampuni nyingine mahali pake ilhali hisa zako zimebaki palepale kwenye akaunti yako ya CDS, ile ya kielektroniki inayotunza hisa zako. Mimi nina moja ya namna hiyo tangu 2012. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi naufungua ukurasa wake kwanza, kabla ya kurasa za zile zinazonipa raha.