Barua kwa mwanangu: kuhusu hiyo sehemu yako ya kukimbilia

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako niliisoma juzi usiku nikaiacha, jana nikaisoma tena, nikaona nikikupigia simu nitaishia kupandisha sauti bure, bora niandike. Umeniuliza kitu kidogo tu, kwamba pale kwetu juu tulipokuwa tunaenda mkiwa wadogo palikuwa kilomita ngapi kutoka barabara kubwa, maana unatafuta eneo la kukimbilia na familia yako siku mambo yakiharibika na unataka umbali kama ule ule, "mahali hakuna mtu anafika". Una maeneo mawili mkononi, moja juu kabisa mgongoni mwa mlima na lingine chini karibu na zile nyumba tatu, na naona moyo wako ushaenda juu.

Zilikuwa kilomita 14. Haya, jibu ndo hilo.

Ila 14 za nini? Kiangazi ilikuwa lisaa limoja na nusu kwa gari, nyie huko nyuma mnaimba mpaka masikio yanauma. Ile siku nyingine yalikuwa masaa tisa, na njia ni ile ile. Kwahiyo mimi ukiniuliza umbali nakujibu kwa masaa, tena sio masaa ya kufika, masaa ya kutoka, kwa miguu, mmebeba mtu. Hilo hukuniuliza najua.

Unasema zile zilikuwa likizo nzuri kuliko zote. Sikukatalii, ulikuwa darasa la pili, na usiku ule tulikulaza kwenye gari ukalala kama gogo. Lakini kuna kitu sijawahi kuwaambia wewe na dada yako. Wote mnajua baba yenu ndo alipenda pale, kila mkikaa mnamtania na "makao makuu" yake, na yeye anacheka tu. Sio yeye. Ni mimi. Mimi nilichora duara kwenye ramani, mimi nilisema hapa hapana, hapa kuna watu, twende mbele zaidi. Yeye alitaka pale chini penye kisima akasema mke wangu huku juu tutakuwa tunaishi na nani, nikamjibu ndo uzuri wenyewe. Miaka yote hii hajanisahihisha mbele yenu hata siku moja, na hiyo inaniuma kuliko kama angenisema.

Siku zote nasema, na nitasema tena mpaka mnichoke: ardhi itazame ikiwa imekasirika. Ikiwa imetulia kila ardhi ni nzuri. Sisi pale tulienda miaka mitatu mfululizo kiangazi tu, na lile korongo la njiani lilikuwa mchanga mtupu, mlikuwa mnachezea mpira humo. Nakumbuka mara ya kwanza kabisa nilisimama katikati ya lile korongo nikatazama juu nikaona majani makavu na vijiti vimenasa kwenye matawi ya mti, juu ya kichwa changu kabisa, nikasema aah, viota vya ndege. Viota! Ile ni takataka iliyoletwa na maji mwanangu. Maji yalishawahi kufika pale juu ya kichwa changu na yakaacha alama, na mimi mwenye ramani na duara nikaona ndege.

Sasa mwaka ule wa nne tukachelewa kuondoka, mvua ikatukuta. Na wala haikunyesha sana pale tulipo, manyunyu tu, ilinyesha mlimani kwa wenzetu huko, sisi tukasikia mlio kama lori linakuja, baba yenu akaenda kuangalia akarudi akasema hakuna njia. Tukasema sawa, chakula kipo, tunasubiri. Jioni akatoka kupasua kuni, gogo limelowa, shoka likateleza likaingia juu ya buti. Nilikandamiza taulo kwa mikono yote miwili na kila nikitaka kuchungulia kama damu imekata najikataza, maana ukichungulia inaanza upya. Simu haikushika hata kimstari kimoja. Gari lipo, zima, tenki limejaa, halina pa kupita, maana maji yaendayo kasi yakifika sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima na sentimita 30 yanaweza kulibeba gari dogo, na yale yalikuwa yananifika kiunoni kwa kuangalia tu.

Dada yako ndo akachukua filimbi. Tatu, anapumzika, tatu, anapumzika, kama nilivyowafundisha. Nusu ya usiku ule. Mimi moyoni najua kabisa mtu pekee wa kusikia ni yule mzee wa ng'ambo, yule mliyekuwa mnauona moshi wake, mkataka kwenda nikawakataza. Unakumbuka niliwaambia ni mkali, ana mbwa? Hakuwa na mbwa. Sikuwahi hata kuongea naye. Nilitaka tu asijue tupo wangapi na tuna nini, si ndo siri ya kimbilio, mtu asijue.

Alfajiri akafika, ana punda, kamba na mti mrefu. Mimi nikamwonyesha pale korongo lilipobana, nikaona ndo pafupi, tukirukisha kamba tumevuka. Akanitazama tu. Akatupeleka juu karibu lisaa zima, mpaka mahali korongo limetanuka kama uwanja, maji yamesambaa, yanafika magotini. Pembamba ndo penye kina na kasi, papana maji yanachoka. Akaniambia nilegeze mikanda ya begi ili nikianguka niliachie lisinizamishe, niangalie yanakotoka maji, nisinyanyue mguu mpaka mti umekita. Baba yenu juu ya punda, dada yako katikati, wewe mgongoni kwa mzee. Tulipotoka upande wa pili nikaanza kumshukuru kwa maneno mengi mengi, yeye akasema, "Nilikuwa nasikia watoto wanacheka. Nikajiuliza mbona hawaji kuangua matunda. Basi nikajua nyie mnapenda utulivu, nikawaacha."

Hakuomba chochote. Yaani aliomba filimbi, kwa ajili ya mbuzi zake. Dada yako akaivua shingoni akampa, na naapa mzee yule alifurahi kama kapewa ng'ombe, tunatembea kilomita zilizobaki anapuliza kila kona.

Baba yako alipona, kidole kimoja mpaka leo hakihisi kitu na bado anatetea kwamba lile shoka lilikuwa zuri.

Sasa umenitajia wale Lykov, ile familia ya Siberia huko Urusi, kama mfano. Walijificha msituni 1936, wanajiolojia wakaja kuwakuta 1978, zaidi ya kilomita 200 kutoka kijiji cha karibu, vita vya pili vya dunia vimeanza na kuisha hawana habari. Ni kweli, na kama swali ni kutofikiwa basi hao wameshinda. Ila mimi nikisoma habari zao naishia kwa Akulina, yule mama. 1961 theluji ilianguka mwezi Juni ikaua kila walichopanda, na yeye akafa kwa njaa ili watoto wapate kula. Baada ya hapo shamba lao zima la nafaka lilikuwa shina moja la rai, nafaka kama ngano, moja! Lilijiotea tu, wakalilinda usiku na mchana panya wasile, wakapata punje 18, na kutoka kwenye hizo 18 wakaanza upya. Wewe ukisoma hapo unaona ushujaa, umeniandikia hivyo. Mimi naona hapakuwa na jirani wa kuazima kibaba cha mbegu.

Na ukitaka upande wa pili wa kukimbia, kuna Wilmer McLean wa Marekani. Mapigano makubwa ya kwanza ya vita yao ya wenyewe kwa wenyewe yalimkuta shambani kwake 1861, bomu likaingia jikoni, akahamisha familia kilomita karibu 200 akapata kijiji kimetulia hakina lolote. Aprili 1865 Lee, jenerali wa Kusini, akaja kusalimu amri kwa Grant, jenerali wa Kaskazini, sebuleni kwake. Sebuleni! Sijui hata hii inathibitisha nini, huwa inanichekesha tu, baba yako kila tukipanga safari ananiita McLean.

Haya, nisiwe mwongo. Hoja yako ya siri ina ukweli. Siku watu wana shida, ukijulikana una ghala utakuwa na wageni, na sio wote watakuja na punda. Nilifikiri hivyo wakati ule na kusema kweli nusu yangu bado inafikiri hivyo. Lakini ndo naulizana na nafsi yangu, yule mzee alijua tupo tangu siku ya kwanza. Watoto wanacheka, moshi unapanda, tairi zinaacha alama. Mtu anayeishi porini anasoma hivyo vitu kama wewe unavyosoma simu. Kwahiyo siri hatukuwa nayo, tulichokuwa nacho ni kutosalimia.

Hilo eneo la juu, umesema kuna chemchemi "yenye maji mengi". Mengi kiasi gani? Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Ikijaa kwa dakika 20 hiyo ni lita moja kwa dakika, unaidharau kwa macho kumbe kwa siku ni lita 1,440, na mtu mmoja wa kunywa, kupika na kujisafisha anahitaji kama 15. Nyie watano ni 75. Ila iko wapi hiyo chemchemi, juu ya nyumba au chini? Ikiwa juu, unatega bomba maji yanakuja yenyewe, kila mita 10 za kushuka unapata bari moja, ndo kipimo cha presha. Ikiwa chini, na kwenye mgongo wa mlima mara nyingi ni chini, lita moja ni kilo moja, kwahiyo kila siku ya Mungu mtapandisha kilo 75 kwa mgongo. Sola na pampu sawa, mpaka siku pampu inakufa. Bati nalo linasaidia, mvua ya milimita moja kwenye mita ya mraba moja ni lita moja, hesabu mwenyewe ukubwa wa paa lako.

Na moto. Moto unapanda mlima haraka kuliko unavyoshuka, wanasema kila mteremko ukiongezeka digrii 10 kasi yake inakaribia mara mbili, na wewe umekaa huko kileleni na njia moja ya kutokea inayopita kwenye majani hayo hayo. Lakini bondeni kabisa nako sio, hewa ya baridi inashuka usiku inalala kule chini, mboga zinaungua na jalidi wakati mteremkoni kwa jirani ziko salama. Mteremkoni katikati, ndo nasema mimi, choo chini ya maji na mbali nayo, angalau mita 30. Ile ya kwako ya chini iko wapi, bondeni kabisa au imepanda kidogo? Picha ya setilaiti uliyonitumia hainionyeshi, imepigwa kiangazi, kila kitu kimetulia.

Nishasema ardhi itazame ikiwa imekasirika, sasa utasema mbona mama unajipinga, maana chemchemi haipimwi kwenye mvua, kwenye mvua kila shimo ni chemchemi. Kweli. Hiyo inapimwa mwisho wa kiangazi, wiki ya mwisho kabisa. Kwahiyo nenda mara mbili. Au niseme kiangazi kikali nacho ni hasira ya ardhi, tusibishane. Ukiwa kule mvuani tazama mashina ya miti, kama yamepinda chini kama ndoana afu yakanyooka, ule udongo unaweza kuwa unatembea taratibu, usijenge. Na tazama matawi juu ya kichwa chako, ukiona viota gusa kwa fimbo.

Halafu ushuke kwa miguu mpaka barabarani, na mmoja wenu ajifanye hawezi kutembea. Mbebeni kweli. Uandike masaa.

Na zile nyumba tatu, umeshaenda kusalimia? Naona umeandika "majirani wapo lakini sidhani kama watasumbua." Nimeisoma hiyo sentensi mara nne. Hata mwandiko ni kama wangu.

Sikwambii ununue ipi. Nilimwahidi baba yako kabla sijaanza kuandika kwamba sitachagua, maana mara ya mwisho nilipochagua mimi unajua kilichotokea, na pesa ni yako, watoto ni wako. Ingawa ile ya chini ukipata pa kujenga pamepanda kidogo kutoka bondeni, na wale watu wakiwa wa... basi, basi, nimenyamaza. Nenda na ndoo, nenda na saa.

Baba yako anasema shoka liko stoo, amelinoa, ukilitaka njoo ulichukue. Mimi nasema usilichukue.

Mama